Vifuniko Vinne Badala ya Vitano

Vijana, tangu niweke chini pawaso, huu msumeno wetu wa injini, hamjaniacha nipumzike. Kila wiki kuna mmoja wenu anayegonga geti langu hapa mtaani Satellite, mashine mkono mmoja, chupa ya oili mkono wa pili, akiniuliza, "Daktari, hii ni sawa kuchanganya na petroli?" Nami hukohoa kidogo, nikaichukua chupa, nikaisogeza mbali na macho kwa sababu miwani yangu nimeikalia mara mbili, kisha nikajibu kama mtu aliyesomea jambo hilo ng'ambo. Mnaondoka mmeridhika. Hamjawahi kuniuliza hilo jina la Daktari nilipewa na nani. Nilipewa na fundi mmoja wa papa hapa Satellite, siku niliyompelekea maiti.

Maiti yenyewe ilikuwa pawaso, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Barasa, aliyenifundisha kazi ya kukata miti. Nimekaa na aibu hiyo muda mrefu, nikiisimulia vipande vipande na kuruka pale panaponiumiza. Leo nitaisema yote, maana naona mwenzenu mmoja juzi amekuja na kipimo kilekile kilichoniponza mimi, na alikuwa anakionea fahari.

Kwanza tuelewane. Gari lina oili yake chini ya injini, inazunguka humo humo. Pawaso haina. Oili inayolainisha pistoni yake ni ile uliyoichanganya na petroli mwenyewe, kwa mkono wako, kwenye mtungi wako. Ikishapita, imeungua, imetoka na moshi. Ukitia nyingi mno, moshi unajaa mtaa mzima na plagi inakuwa nyeusi tititi. Ukitia kidogo, chuma kinasuguana na chuma na hakuna wa kuwaamulia. Kwa hivyo kuna maswali mawili tu: oili gani, na kiasi gani. Mimi nilifeli yote mawili, kwa nyakati tofauti, nikiwa nimejaa imani.

Hilo la oili gani nilifeli mapema. Nilikuwa mvuta kamba wa Mzee Barasa, yule wa chini anayeelekeza tawi likianguka. Alikuwa Mbukusu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu ambayo hata Januari haikutoka kichwani, na hakukuwa na ua Lavington ambao hakuwa amekwea mti wake mmoja au miwili. Asubuhi moja akanituma mjini, Kirinyaga Road, nikanunue oili ya kuchanganya. Nikafika dukani. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Ya mashine gani?" akauliza.

Mimi kusema sijui? Haiwezekani. Nikamwambia, "Ya mashine kubwa."

"Kubwa aje?"

"We nipe tu ile nzito, mama."

Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akanipa nilichoomba. Ilikuwa oili ya giaboksi ya lori. Nilibeba mkebe ule hadi Lavington nikijisifu njia nzima, kwa sababu nilikuwa nimeutingisha na ndani hakukuchezacheza kama maji. Nzito! Nikajiambia, hii itakaa ndani ya injini siku tatu.

Mzee alikuwa ameshapanda ngazi kwa kazi nyingine, akaniachia nichanganye na kuwasha. Mashine ilikataa, ikakataa, mwishowe ikakubali. Lo! Moshi uliotoka hapo sijauona tena maishani. Mweupe, mzito, ukashuka badala ya kupanda, ukaingia jikoni kwa mwenye nyumba kupitia dirishani. Soja wa getini akabonyeza kengele ya hatari. Mama mwenye nyumba akatoka mbio amembeba mbwa mikononi. Mara gari la walinzi likafika na vijana wanne wenye helmeti na rungu, wakitafuta moto. Walinikuta mimi, nimekumbatia pawaso inayotapika, nakohoa.

Mzee Barasa akashuka ngazi polepole. "Karanja, umenunua nini?"

"Oili nzito, Mzee. Nzito inakaa."

"Inakaa wapi?"

Tulitumia siku nzima kuosha kabureta.

Baada ya hapo nikahama kutoka uzito hadi rangi. Mtajua tu, kwa sababu ninyi pia mnanijia na rangi. Kuna nyekundu, buluu, kijani. Mimi niliamini nyekundu ndiyo yenye nguvu, kwa sababu gani sijui, labda kwa sababu ya dawa ya kikohozi. Rangi ni rangi tu, vijana. Wanaitia ili ukitazama mtungi ujue petroli imeshachanganywa, usije ukaimimina tupu. Halafu kuna siku nilinunua chupa nzuri ajabu, ina picha ya boti inakata mawimbi. Nikaona hii ni ya matajiri, itatufaa Lavington. Mzee akaigeuza mkononi.

"Boti inapozwa na maji," akasema. "Hii yetu inapozwa na upepo. Wewe umeona maji wapi hapa?"

Basi soma maandishi, usisome picha. Iwe imeandikwa ni ya kuchanganya na petroli, tena ya mashine zinazopozwa kwa hewa. Ya gari usitie. Ya bodaboda usitie, hata kama dereva ni binamu yako. Na ile oili chafu inayomwagwa kwenye gereji, mnayoipaka kwenye cheni, sitagombana nanyi kwa sababu ya cheni, ingawa inaharibu. Lakini ikikaribia tangi la petroli, usinijie mimi.

Sasa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoiua mashine.

Mzee Barasa alikuwa na kipimo chake: kifuniko cha chupa ya soda, ile ya plastiki. Alikitoboa tundu dogo ukingoni, akakifunga kwa waya kwenye mkono wa mtungi wa kuchanganyia. Lita moja ya petroli, vifuniko vitano. Na alikuwa na desturi. Akianza kuhesabu, hakuna kuongea. Hakuna kumsalimia, hakuna kumwuliza kitu. Mwenye nyumba mmoja, bwana mkubwa mwenye suti, alipita akasema, "Barasa, habari ya asubuhi?" Mzee alikuwa kwenye cha pili. Akamimina cha tatu, cha nne, cha tano, akafunga mtungi, akautikisa, ndipo akainua kofia: "Nzuri sana, bwana. Ya kwako?" Bwana mkubwa alikuwa bado amesimama pale, hajui aende au abaki. Mimi nilicheka moyoni. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mzee alikuwa na ploti yake kule Ngong, aliinunua zamani kabla watu hawajapagundua. Kando ya ua wake alipanda migrevilea kumi na mmoja, na alimwahidi mkewe, Mama Nekesa, kwamba nyumba yao ya mawe itaezekwa kwa mbao za miti hiyo, si za kununua. Kuta zilikuwa zimeshasimama. Miti ndiyo ilikuwa bado myembamba. Alipoacha kazi akahamia huko kabisa, akaja kwangu na pawaso yake na mtungi.

"Pawaso ikilala inakufa," akaniambia. "Fanya nayo kazi, ule. Miti yangu ikikomaa nitakuja kuichukua. Na hii kifuniko isitoke hapa."

Hakuniomba kingine. Siku atakayokuja, aikute hai. Nikamwambia, "Mzee, ondoa wasiwasi." Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayepokea bendera.

Kifuniko kilitoka. Waya ulikuwa na kutu, na siku moja tukipakia kuni kwenye pikapu pale Adams Arcade, kikadondoka barabarani. Nilikiona kikidondoka, niwe mkweli. Sikuinama. Nikaingia kioski, nikanunua soda, nikanywa, nikakitia kifuniko chake mfukoni. Si ni kifuniko cha soda tu? Kikipotea nanunua soda nyingine. Nikaendelea hivyo, na kila mtu akiniuliza napima na nini, nilijibu kwa majivuno, "Na kipimo cha Mzee Barasa," kana kwamba nilikuwa nimekirithi kutoka kwa babu yake.

Yule mama wa Kirinyaga Road, tulishazoeana, alinipa siku moja kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari na namba. "Chukua, ni bure. Pima na hiki." Nikacheka hadi wateja wakageuka. Nikamwambia kikombe ni cha wanaoanza. Nilikipeleka nyumbani nikampa mke wangu, Mama Njeri, naye akakifanya cha kupimia dawa ya kuku wake. Kuku wa nyumba yangu walikuwa wanapimiwa vizuri kuliko mashine iliyowalisha.

Kisha kiburi kikazaa kingine. Wateja wangu wa Lavington hawakupenda moshi. Mama mmoja alifunga madirisha yote kila nikiwasha, na mwingine aliniletea maski. Nikajiuliza, hivi hivi vifuniko vitano ni vya nini? Nikaondoa kimoja. Vinne. Moshi ukapungua, mashine ikanguruma kama kawaida, wateja wakanisifu. Nikajiona nimempita mwalimu. Nilianza hata kutoa ushauri bure: "Wazee wa zamani walikuwa wanazidisha." Nilisema hayo na pawaso ya mzee wa zamani iko mkononi mwangu.

Ilienda hivyo miaka, na haikufa. Pawaso ile ilikuwa na subira kuliko mimi.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Mkaratusi mnene, nyuma ya nyumba Lavington, umeegemea ukuta wa jirani. Cheni yangu ilikuwa butu na nilijua ni butu, lakini nilisema nitainoa baada ya chai. Nikabana kipini cha moto hadi mwisho ili injini ikimbie. Katikati ya shina sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ya juu, kama inaimba. Mwenzangu aliyeshika kamba akapaza sauti, "Baba Njeri, hiyo mashine inalia!"

Nikamjibu, "Imechangamka!"

Ikapiga ukelele mmoja, ikanyamaza. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kamba haikusogea hata inchi. Nikavuta kwa mikono miwili, nikaweka mguu, nikavuta. Ni kama nilikuwa navuta mti wenyewe. Mwenye nyumba akatokea barazani na kikombe chake cha kahawa, akauliza kwa upole, "Betri imeisha?"

Tulimaliza mkaratusi ule kwa msumeno wa mkono, kamba tatu na panga, hadi saa kumi na moja jioni. Sikunywa chai siku hiyo.

Fundi wa Satellite alifungua ekzosi tu, hakuhitaji kwenda mbali. Akamulika pistoni kwa simu yake, akaniita nitazame. Ilikuwa imechunika upande mzima, mistari mirefu ya kukwaruzwa.

"Hii imenoki, imegandiana. Imekufa na kiu," akasema.

"Kiu gani? Mimi naweka oili!"

Akafuta mikono, akatabasamu. "Basi niambie, Daktari. Mgonjwa alikuwa anakunywa nini?"

Jina likashika siku hiyohiyo, na nyinyi mkalipokea kama cheo.

Mnadhani nilinyenyekea? Wapi! Nililaumu kituo cha petroli. Nikalaumu jua. Kesho yake nikaenda Kirinyaga Road na chupa ya oili mkononi, nikampigia yule mama kelele mbele ya wateja kwamba ameniuzia oili ya maji. Aliniacha nimalize. Kisha akachomoa kalamu kwenye nywele.

"Ulipima na nini?"

"Na kipimo cha Mzee."

"Kikombe nilikupa kiko wapi?"

Nikajifanya nasoma chupa. Siwezi kusimama kwenye duka limejaa wanaume niseme kiko kwa kuku.

"Rudi nyumbani, baba," akasema, bila hasira yoyote. "Pima hicho kipimo chako kwanza. Ukikuta oili yangu ndiyo mbaya, kuja unipigie kelele tena, nitakupa na kiti."

Nyumbani Mama Njeri alisikiliza hadithi yote akiwa anachambua maharagwe. Akaenda akaleta kile kikombe cha dawa ya kuku, akakiosha. Kisha akaleta chupa kuukuu ya soda tuliyotilia mafuta ya taa, iliyokaa nyuma ya mlango wa jikoni tangu watoto wakiwa wadogo, akaifungua kifuniko, akakiosha pia. Akakiweka mezani kando ya kifuniko changu cha soda ya juzi.

Vijana, nilivitazama viwili vile, nikavisogeza karibu. Upana ulikuwa uleule, ndiyo maana sikuwahi kuona. Lakini cha zamani kilikuwa kirefu, na changu kilikuwa kimefupishwa. Chupa za soda zilibadilishwa shingo siku moja nisiyoijua, na mimi mnywaji wa soda, mwenye kuapa kwa vifuniko, sikugundua.

Mama Njeri akajaza maji. Akamimina vinne vyangu kwenye kikombe, akatia alama kwa kucha. Akamwaga, akajaza vile vya zamani: kimoja, viwili, vitatu. Maji yakapita alama.

"Baba Njeri," akasema, "hivi vinne vyako havifiki hata vitatu vya Mzee. Na Mzee alisema vitano."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeinyima pawaso ile oili mara mbili, mara moja kwa kiburi na mara moja kwa kutotazama. Niliona uchungu kweli, kwa sababu mashine ile ndiyo iliyosomesha Njeri. Na kama hiyo haikutosha, jioni hiyohiyo simu ikalia. Mzee Barasa.

"Karanja! Miti imekomaa. Nimepata kibali ya kukata, lakini ni ya wiki mbili tu, na mvua inakaribia. Fundi wa kuezeka ananingoja. Alhamisi nakuja kuchukua pawaso."

Nikajibu, "Karibu sana, Mzee." Sauti ileile ya kupokea bendera.

Ilikuwa Jumapili. Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa fundi kabla hajafungua. Akanitafutia silinda na pistoni iliyotumika, ya mashine ya namna ileile, akaifunga. Ikawaka. Nikanunua rangi ya chungwa nikapaka mfuniko wa juu, kisha nikaona inang'aa mno, nikaipaka vumbi.

Mama Njeri akanikuta nikipaka vumbi. "Utamwambia?"

"Akiuliza."

"Na asipouliza?"

Nikaendelea kupaka.

Alhamisi nikampokea Mzee pale Adams Arcade. Alikuwa amekonda, kofia ya sufu ni ileile. Tukaingia kibanda cha chai, nikaweka pawaso juu ya benchi kati yetu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nianze na hali ya hewa. Yeye hakutazama rangi wala vumbi. Akashika kamba ya kuwashia kwa vidole viwili, akaivuta taratibu, swichi ikiwa imezimwa. Akairudisha. Akavuta tena, akisikilizia jinsi pistoni inavyobana.

"Hii si pistoni yangu," akasema.

Maneno yote niliyopanga yakanipotea. Nikamwambia kila kitu, bila kuruka: kifuniko kilivyodondoka nikikitazama, soda, kifuniko cha tano nilichokiondoa nikisema wazee walikuwa wanazidisha, mkaratusi, kuimba kwa mashine, kuku. Nilipofika kwa kuku nilitamani benchi inimeze. Nikamwambia, "Mzee, uliniachia kitu kimoja, na nimekiua. Nisamehe."

Alikunywa chai yake. Alikunywa hadi ikaisha, na sijawahi kuona chai inayochukua muda kama ile. Halafu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bomba la sindano la plastiki, lile la dukani kwa dawa, halina sindano.

"Kwani wewe bado unapima na kifuniko?" akauliza.

Nikaliinamia lile bomba.

"Mimi niliacha kitambo. Hii napimia ng'ombe dawa ya minyoo, nikaona inafaa na oili pia. Ina namba." Akalizungusha kidogo. "Kifuniko nilitumia kwa sababu siku hiyo hatukuwa na kitu ingine, Karanja."

Miaka yote ile nilikuwa naapa kwa kitu ambacho mwenyewe alishakitupa.

Kisha akaweka mikono yake juu ya meza, nikaiona vizuri kwa mara ya kwanza. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, na zilitetemeka. Kazi yetu hufanya hivyo. Mtetemo wa mashine huingia mkononi na hautoki. Vaeni glavu, mniskie, na masikio pia mzibe, maana mimi sikio la kushoto nimebaki nalo kama pambo tu.

"Siwezi kuishika tena," akasema. "Sikuja kuchukua pawaso peke yake. Nilikuja kuichukua na mtu wa kuikata nayo hiyo miti. Sasa nimekaa hapa sijui kama huyo mtu nimchukue."

Hapo ndipo paliponiuma kuliko kote. Si pistoni. Nikamwambia, "Nichukue, Mzee. Uniangalie nikichanganya kila mara. Nikikosea hata mara moja, nirudi kwa miguu."

Akafikiri. "Changanya hapa, nione."

Nilikuwa nimebeba mtungi, petroli na oili vya kumkabidhi, na nilipoingiza mkono kwenye mkoba nikakuta kikombe cha kuku, Mama Njeri alikitia bila kuniambia. Nikatoka nje ya kibanda, mbali na jiko. Petroli nusu kwanza, kisha oili, nikiwa nimechuchumaa jicho likiwa sawa na mstari, kisha petroli iliyobaki, nikafunga, nikatikisa. Mwenye kibanda akaniuliza kama chai yangu aiongeze sukari. Sikumjibu mpaka nilipofunga mtungi. Nilipoinua kichwa, Mzee Barasa alikuwa anatazama kando, lakini nilimwona akificha kicheko kwenye kofia.

Tulikata siku nne kule Ngong. Kila tangi likiisha, Mzee aliketi kwenye kigogo na bomba lake la sindano, mimi nimepiga magoti, na hakuna aliyeongea hadi mtungi ufungwe. Mwanzoni fundi wa kuezeka alituona wendawazimu. Siku ya tatu na yeye alikuwa ananyamaza. Mimi kila jioni nilichomoa plagi nikaitazama: ikiwa nyeusi na mbichi, oili imezidi au hewa ni kidogo, ikiwa nyeupe kavu, simama hapohapo, yangu ilikuwa kahawia, ya kupendeza. Mti wa kumi na moja ulipolala chini, pawaso ya Mzee, na ile pistoni ya mtumba, ilikuwa bado inanguruma. Nilizima mwenyewe. Nilitokwa na machozi kidogo, nikasema ni vumbi la mbao.

Mvua ilianza baada ya mbao kupasuliwa na bati la mwisho kupigwa msumari. Mzee akanipigia simu, akasema maneno mawili, "Haivuji, Karanja," akakata.

Jumapili iliyofuata tukaalikwa, mimi na Mama Njeri. Tuliketi chini ya dari yenye mbao zile, bado zinanukia. Mama Nekesa akaleta birika la chai na mandazi. Akamimina kikombe cha Mzee, kikombe cha Mama Njeri, cha fundi. Mbele yangu akaweka sahani, na juu ya sahani kifuniko kimoja cha soda. Kile kifupi. Akakijaza chai kwa makini, bila kumwaga tone.

"Tulisikia wewe unapenda hii kipimo, shemeji," akasema.

Nyumba nzima wananitazama. Nikainua kifuniko kwa vidole viwili, nikanywa. Akajaza cha pili, nikanywa. Cha tatu. Cha nne. Halafu akarudisha birika mezani, akaketi, akaanza kula mandazi yake.

Nikangoja. Nikamtazama Mzee Barasa.

"Cha tano," akasema, "si ulisema wazee tulikuwa tunazidisha?"

Mama Njeri alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilinyosha kifuniko kwa mikono miwili, nikamwomba Mama Nekesa cha tano.